Wembe wa kujifunzia kunoa: wa babu, wa mtumba au wa kuagiza?

«Shikamoo fundi. Mimi ni kinyozi hapa Moshi, Majengo. Kazini natumia kile kishikio cha kuwekea nusu ya wembe wa dukani, lakini natamani kujifunza kunoa wembe wa kukunja, ule wa wazee. Nina njia tatu. Kuna wembe wa marehemu babu, mzito, ubavu mnene, umeandikwa Sheffield. Mama ameniruhusu niuchukue. Kuna mwingine nimeuona mitumbani Kiboriloni, umeandikwa Solingen, mwembamba, una kutu kidogo, jamaa anataka elfu thelathini na tano. Au niagize mpya wa bei nafuu kutoka China. Rafiki zangu wanasema nianze na wa bei ya chini kabisa ili nikiuharibu nisiumie. Mwingine anasema huu wa babu niupeleke kwa mnoa visu wa baiskeli auweke makali kwanza, halafu niendelee mwenyewe. Nianze na upi? Na wateja wanauliza kama nitawanyoa nao.»

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lisilo na mjadala: wateja usiwanyoe nao. Sababu nitazitoa huko mbele. Kwenye nyembe zenyewe naona umebebeshwa hofu ya kuharibu. Mimi ningehofia kitu kingine, kwamba utakaa miezi unasugua chuma kisichokubali, kisha ujihukumu kuwa huna mkono wa kazi hii.

Ushauri wa kuanza na wa bei ya chini unafaa kwa panga. Kwa wembe unakwama, kwa sababu anayejifunza hajui bado kosa ni la nani. Wembe ukigoma kukata nywele, ni mkono wako umeelemea? Ni jiwe limebonyea? Au ni wembe wenyewe ulitoka kiwandani ukiwa na mgongo uliopinda? Mzoefu anaangalia maji yanavyosogea juu ya jiwe na anajua. Wewe huna jicho hilo bado, na wembe mbovu hautakupa. Ni sawa na kujifunzia baiskeli yenye ringi iliyopinda, ukianguka huwezi kusema umeanguka au umeangushwa. Kwa hiyo sharti langu ni moja tu: wembe wa kujifunzia uwe umenyooka. Jina, umri, urembo wa mpini na hata bei vinakuja baadaye.

Kwa nini nang'ang'ania kunyooka? Kisu cha jikoni kinakutaka ushike pembe kwa mkono, na mkono ukichoka pembe inahama. Wembe wa kukunja umekuondolea kazi hiyo, kwa kuwa mgongo wake ndio kipimo. Unaulaza juu ya jiwe, mgongo na ukingo vinagusa kwa pamoja, unasukuma. Pembe ya makali inatokana na unene wa mgongo ukilinganishwa na upana wa wembe. Wenye upana wa milimita 18 na mgongo wa milimita 5 unatoa pembe ya nyuzi 16 hivi. Visu vingi vya jikoni viko kwenye nyuzi 30 hadi 40. Ndiyo maana wembe unapita kwenye ndevu bila kuzivuta, na ndiyo maana ukingo wake ni mwepesi kuumia.

Ukiangalia ukingo kwa karibu utaona miteremko miwili myembamba inayong'aa, mmoja kila ubavu. Kunoa ni kuifanya miteremko hiyo ikutane kwenye mstari mmoja, kutoka kisigino karibu na mpini mpaka nchani, pasipo kuruka mahali. Mawe hupangwa kwa namba, namba ikipanda jiwe ni laini zaidi. Jiwe la namba 1000 ndilo linaloikutanisha. Namba 4000 au 5000, kisha 8000, zinafuta mikwaruzo ya jiwe lililotangulia, na 12000 inamalizia. Ukanda wa ngozi unaweka ukingo sawa kabla ya kila kunyoa.

Sasa jiwe ni bapa. Kama ukingo umebonyea katikati, labda kwa sababu mwenyewe wa zamani alikuwa akikaza hapo tu, kisigino na ncha vitagusa jiwe na katikati pataelea. Utasugua mpaka jioni, katikati pabaki butu vilevile. Kama mgongo umelika upande mmoja kuliko mwingine, mteremko utakuwa mpana huku na mwembamba kule. Kama wembe mzima umejipinda, ubavu mmoja utagusa katikati tu na wa pili utagusa kwenye kisigino na ncha. Ukingo uliotuna kidogo kuelekea nje si ubovu, nyembe nyingi nzuri za zamani ziko hivyo, ila unadai mkono unaojua kuzungusha taratibu wakati wa kusukuma. Hilo liache kwa mwaka wa pili.

Twende Kiboriloni. Solingen ni mji wa Ujerumani unaojulikana kwa visu na nyembe, na tangu 1938 jina hilo linalindwa kwa sheria ya huko, kwamba bidhaa ya makali isipigwe muhuri huo kama haikutengenezwa Solingen. Kwa hiyo muhuri una uzito. Lakini unakuambia ulikotengenezwa tu, haukuambii waliokuwa nao waliufanya nini. Nenda asubuhi wakati jua bado liko chini, ubebe kipande cha kioo cha dirisha kilichonyooka na simu yako.

Ulaze wembe juu ya kioo, mgongo na ukingo viguse, kisha uinamishe macho mpaka usawa wa kioo na utazame mwanga chini ya ukingo. Geuza ubavu wa pili. Gusa ncha kwa kidole kwa upole, kisha kisigino. Ukicheza kama meza yenye mguu mfupi, uache. Tazama mgongo: kila ubavu utaona mstari unaong'aa pale mgongo uliposuguliwa na mawe ya zamani. Mistari hiyo iwe na upana unaolingana pande zote mbili na kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikuta mpana kama punje ya mahindi huku na haupo kabisa kule, aliyeunoa aliukandamiza vibaya na wewe ndiye utakayelipa.

Halafu kutu. Iliyoko kwenye mgongo au karibu na mpini ni sura tu, haizuii kitu. Iliyofika ukingoni inachimba vishimo, na kishimo hakizibiki. Unachoweza ni kusugua chuma chote kinachokizunguka mpaka kiishe, na hizo ni saa nyingi za jiwe la kukwaruza kabla somo halijaanza. Washa kamera ya simu, vuta picha karibu kabisa, pitisha polepole kwenye ukingo wote. Vidoa vyeusi vilivyo juu ya chuma vinafutika kwa kitambaa chenye mafuta. Vishimo vinabaki. Ukiona mstari mwembamba kama unywele unaopanda kutoka ukingoni kuelekea mgongoni, huo ni ufa. Hapo rudisha wembe, shukuru, uende zako hata ukipewa bure, kwa kuwa wembe wenye ufa unaweza kumeguka shavuni.

Umesema ni mwembamba, maana yake ubavu wake umekombwa, yaani umechimbwa kama bonde kati ya mgongo na ukingo. Hilo ni jema kwa kiasi. Uliokombwa nusu ndio ningekuchagulia, una uzito wa kutulia juu ya jiwe na si mgumu kupita kiasi. Uliokombwa sana unanyumbulika. Ukiukandamiza, tumbo linabonyea na ukingo unainuka, unajikuta unanoa mahali pasipo makali. Hata hivyo huo pia unafundisha, kwa kukulazimisha uwe na mkono mwepesi. Ningependa zaidi ncha yake iwe ya mviringo, maana ncha kali ya pembe huwachana wanaoanza masikioni na puani. Upana wa milimita 16, ambao wauzaji wa nje huuandika 5/8, unatosha kabisa. Wembe ukifaulu majaribio hayo ya kioo, mgongo na kutu, elfu thelathini na tano naiona ni bei ya haki, na bado muombe apunguze.

Wa kuagiza sitauchukulia muda mrefu. Zipo nyembe mpya nzuri, ila zile za bei ya chini kabisa mara nyingi zina bega nene karibu na mpini. Bega likipanda juu ya jiwe linainua kisigino, na miteremko haikutani. Wanaozifahamu huanza kwa kusaga hilo bega. Hiyo ni kazi ya kutengeneza wembe, na wewe umeomba kujifunza kunoa. Epuka kabisa zile zenye mapambo mengi kwenye bapa na zisizo na jina la mtengenezaji, nyingine ni chuma laini kisichoshika makali hata kwa sala. Kama una fedha ya kuagiza nje, itumie kwa wembe uliotumika, uliokombwa nusu, wa chuma cha kawaida kinachoshika kutu, kutoka kwa muuzaji anayetamka wazi kwamba ameunoa kwa mkono na uko tayari kunyolea. Utalipia zaidi, lakini utapokea mfano wa unachokitafuta, na hicho ndicho wengi wanakikosa.

Wa babu ndio unaonigusa. Sheffield ya Uingereza ndiko Benjamin Huntsman, katika miaka ya 1740, alipofanikiwa kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo, na nyembe za huko zikapata sifa kwa chuma hicho. Huenda babu yako alikuwa na kitu cha maana. Ila ubavu mnene kama ulivyoueleza una mteremko mpana, chuma cha kuondoa ni kingi, na kila kosa linachukua muda kulifuta. Si wembe wa kwanza. Uweke mpaka mkono ukomae. Upanguse, upake mafuta kidogo ya cherehani, usiufungie ndani ya mfuko wa ngozi kwa sababu ngozi inatunza unyevu, na masika ya Moshi hayana huruma na chuma. Kagua na mpini. Nyembe nyingi za zamani zina mpini wa seluloidi, plastiki ya karne ya 19, ambayo ikizeeka huoza na kutoa mvuke wenye asidi unaokula chuma. Ukiona kutu imekaa pale tu wembe unapolala ndani ya mpini, na ukiukunjua unasikia harufu kali, basi usiuhifadhi ukiwa umekunjwa. Mpini mpya wa mbao unachongeka, wembe ukishaliwa umeliwa.

Na tafadhali, mnoa visu wa baiskeli asiuguse. Simdharau, visu vyangu vya jikoni vinapita kwake. Shida ni joto. Ukingo wa wembe ni mwembamba mno, jiwe linalozunguka linaupasha moto kufumba na kufumbua. Chuma kikigeuka rangi ya bluu joto limekaribia nyuzi 300, ugumu aliouweka mtengenezaji umepungua hapo, na hakuna jiwe la kuurudisha. Zaidi ya hapo, gurudumu haliujui mgongo. Linakula ukingo kwa pembe lilipoangukia, na ule usawa niliokueleza unapotea kwa pasi mbili. Wembe uliopita huko ndio hasa usiofaa kujifunzia.

Kuhusu mawe: yale ya kijivu ya duka la vifaa vya ujenzi, yenye upande wa kukwaruza na upande unaoitwa laini, ni ya panga na mundu. Hata huo upande laini utaung'ata wembe. Tafuta jiwe la maji lenye 1000 upande mmoja na 4000 au zaidi upande wa pili, kisha la 8000. La 12000 linaweza kusubiri, 8000 na ngozi nzuri vinanyoa. Jiwe lenyewe lazima linyooke. Chora miraba juu yake kwa penseli, weka msasa wa maji namba 320 juu ya kioo kilekile cha Kiboriloni, sugua mpaka mistari yote iondoke. Msasa huo utaupata kwa wauza rangi za magari. Suuza jiwe kila unapobadilisha namba, hasa kiangazi vumbi linapoingia kila mahali, kwa kuwa chembe moja ya mchanga inatosha kumega ukingo.

Funga mgongo kwa tepu ya umeme, safu moja, ili usiule wakati bado unajifunza. Itaongeza pembe kwa nyuzi moja hivi, hilo halina neno mradi uitumie kwenye mawe yote. Paka miteremko maka peni nyeusi, upitishe wembe mara moja kwenye jiwe la 1000, ukingo ukitangulia, kwa uzito wa wembe wenyewe. Tazama wino ulipobaki. Ukibaki kwenye mstari wa mwisho kabisa wa ukingo, miteremko haijafikia makali. Endelea, ukisukuma kwa mshazari ili urefu wote upite juu ya jiwe, na unapogeuza zungusha kwa mgongo, kamwe usizungushe kwa makali. Maji yakianza kupanda kwa usawa juu ya ukingo unaposukuma, kutoka kisigino hadi nchani, umekaribia.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanachoka na 1000 wanakimbilia 8000, wanapata wembe unaong'aa usiokata. Usihame mpaka kila sehemu ya ukingo inyoe nywele za mkono wako juu kidogo ya ngozi: kisigino, katikati, ncha. Sehemu moja ikikataa, bado. Na wewe una bahati ambayo wengi hawana, kwa sababu kipimo cha ukali unakishika kila siku kazini. Vunja nusu ya wembe mpya, ijaribu kwenye nywele za mkono huo, sikiliza na uhisi, kisha jaribu wako. Hautafanana nao kabisa, ila utajua umbali uliobaki.

Ukanda mwagize kwa fundi viatu: ngozi ya ng'ombe isiyo na makovu, upana wa sentimita 6 au 7, urefu wa nusu mita, aibandike juu ya ubao ulionyooka. Kwenye ngozi mgongo ndio unaotangulia, ukingo unafuata. Usiinue mgongo hata kidogo mwishoni mwa kila pasi. Kazi nzuri ya mawe yote inaharibikia hapo kuliko popote.

Sasa wateja wako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili angalau siku 7, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuambukiza. Wembe wa kukunja una kiungo kwenye mpini na nafasi ndani yake ambazo kitambaa chenye spiriti hakifiki, na joto la kutakasia vifaa vya hospitali litaharibu mpini. Nusu ya wembe unayoitupa baada ya kila mteja ni salama zaidi, haina aibu yoyote, na mteja akiona unaivunja mbele yake anakuamini. Wembe ulionolewa uwe wa ndevu zako mwenyewe, nyumbani. Na ukijikata kwa wembe uliotoka kumnyoa mtu mwingine, hata huo wa kazini, osha kwa maji tiririka na sabuni kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora.

Umenyamaza kuhusu ngozi, lakini vinyozi wengi huvutiwa na wembe huu kwa kusikia kwamba unaondoa vipele vya ndevu. Ukweli uko katikati. Nywele zetu za kujikunja zikikatwa chini sana hurudi ndani ya ngozi, na ndipo vipele vinapotokea. Wembe mmoja mkali unaopita mara moja, ukifuata nywele zinakoelekea, unaweza kupunguza usumbufu kuliko zile za nyembe tatu au nne kwenye kichwa kimoja. Lakini kunyoa karibu mno, kwa kifaa chochote, kunavirudisha. Mwenye vipele sugu, usaha, au uvimbe mgumu unaokua kisogoni au kidevuni aache kunyoa kabisa na asijipake krimu za mtaani. Kwako Majengo msaada uko karibu: hospitali ya KCMC kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na wagonjwa wanapokelewa. Ukienda, usiishie kusema una vipele. Waeleze unanyoa na nini, mara ngapi kwa wiki, na unaanzia upande gani.